Alama Kwenye Kifundo

Delphia Ratliff alivua buti la kushoto, akashusha soksi, akauweka mguu wake juu ya kiti cha wageni.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Siku thelathini na moja haijabanduka hapa, labda nikiwa naoga."

Estill Vanover aliinama juu ya meza yake kuangalia. Juu kidogo ya kifundo, mkanda ulikuwa umeacha mstari mwekundu uliozunguka mguu mzima, na kwenye mstari huo palikuwa na alama ya kifungo cha chuma, pana kama ukucha wa dole gumba. Bastola haikuwepo. Mkoba wa ngozi wa kuitilia pia haukuwepo.

"Shusha mguu, dada. Kaa. Tuanze mwanzo."

"Mwanzo si unaujua?"

"Mimi naujua. Karatasi haiujui."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe saba Aprili, saa mbili na robo asubuhi. Estill alikuwa mpelelezi pekee katika ofisi ya sherifu wa kaunti ya Brannock, mtu wa miaka hamsini na mbili aliyeandika kila kitu kwa penseli kwanza, kisha kwa kalamu. Alichonga penseli, akaandika.

Mwezi mmoja nyuma jaji alimpa Delphia amri ya ulinzi dhidi ya mumewe, Corbin. Corbin asimkaribie kwa futi mia tano, asimpigie simu, asimtumie mtu, na asimiliki silaha yoyote. Siku hiyohiyo sherifu alikwenda nyumbani kwake akatoka na bunduki na bastola kumi na moja, zikafungiwa kwenye chumba cha vielelezo, mlango wa tatu kutoka pale walipokaa. Kisha jaji akamgeukia Delphia mbele ya watu wote, akamsomea haki yake: kwa sheria ya jimbo, mtu anayelindwa na amri kama hiyo anaweza kuomba kibali cha muda cha kubeba bastola iliyofichwa, siku arobaini na tano, bila kungoja mafunzo wala miezi ya kibali cha kawaida. Delphia aliomba kabla hajatoka kwenye jengo. Akachukua bastola ya marehemu baba yake, ya risasi tano na mtutu mfupi, akaivaa mguuni kama baba yake alivyokuwa akiivaa.

"Corbin alikuwepo jaji aliposoma hayo?"

"Alikuwa amekaa hapa, mimi pale. Alisikia kila neno." Delphia alivuta soksi juu. "Ndiyo maana hajaja, afande. Si ile karatasi ya jaji. Ile karatasi aliikunja akaiweka mfukoni akicheka. Hajaja kwa sababu anajua ninayo."

"Sasa niambie jana."

"Jana ilikuwa kutawadha miguu."

Estill aliacha kuandika. Alilelewa Sorrel Fork, kwenye bonde lilelile, hakuhitaji kuelezwa. Mara moja kwa mwaka, baada ya mkate na divai, wanawake wa kanisa wanakaa upande wao na wanaume upande wao, wanavua viatu na soksi, kila mtu anajifunga taulo kiunoni na kumtawadha mwenzake.

"Nisingeweza kukaa kwenye benchi la akina dada na bastola mguuni," alisema Delphia. "Nikaivua chumba cha makoti, na mkoba wake. Nikaitumbukiza ndani ya buti, nikaziba na soksi, nikasukuma buti chini ya benchi. Tulipomaliza nikarudi. Soksi ilikuwa bado imeziba vizuri kabisa. Chini yake hakuna kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikavaa buti."

"Hukusema?"

"Wimbo ulikuwa unaendelea."

"Delphia."

"Wewe ungekatiza wimbo? Siku ya kutawadha miguu? Useme nini? Samahani ndugu zangu, nani ameniibia bastola?" Alijaribu kucheka. "Na baada ya wimbo watu walikuwa wanakumbatiana, na baada ya hapo chakula nje, kuku na saladi ya viazi, na mimi ndiye niliyepangiwa kugawa mkate wa mahindi. Nikagawa. Saa mbili nzima nimegawa mkate, afande, huku nawaangalia mikono."

Kunyamaza hivyo kulikuwa tabia ya bonde zima, na Estill hakuwa na la kumlaumu. Baada ya saa hizo mbili kila gari lililokuwa kwenye uwanja wa kanisa lilikuwa limeondoka.

Aliandika namba ya bastola, ambayo Delphia alikuwa nayo kwenye kipande cha karatasi, akaiingiza kwenye orodha ya taifa ya silaha zilizoibwa.

"Ikiuzwa dukani popote nchini, itaonekana."

"Na asipoiuza?"

Estill alikusanya mabaki ya penseli kwa kiganja, akayatia kwenye ndoo.

"Nipeni moja," alisema Delphia.

"Moja ya nini?"

"Ya Corbin. Mnazo kumi na moja hapo. Kibali ninacho, bado siku kumi na nne. Ninachokosa ni chuma. Mshahara wangu ni Ijumaa. Ijumaa nitanunua yangu, niwarudishieni yenu."

"Si zetu. Ni mali yake. Tunamwekea tu."

"Mnamwekea."

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Basi mnamtunza vizuri." Alivaa buti, akalifunga kamba, akafunga tena. Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyoko upande wa pili wa mlima, na zamu yake ilianza saa nne.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Estill.

"Mimi, wewe, na aliyeichukua."

"Ibaki hivyo. Usimwambie hata dada yako. Corbin akiamini bado unayo, ni kama bado unayo."

"Kwa siku ngapi?" aliuliza Delphia.

---

Gereji ya matairi ilikuwa mwisho wa mji. Estill alifika saa nne na nusu. Alikuwa na tatizo ambalo hakuwahi kulipata katika miaka kumi na tisa ya kazi: alitakiwa kumhoji mshukiwa kuhusu kitu kilichoibwa bila kumjulisha kwamba kimeibwa.

Corbin Ratliff alikuwa amelala chini ya lori. Alitoka akijifuta mikono, mtu mrefu, mweupe wa uso, mwenye adabu.

"Mzee Vanover! Tairi lako la nyuma limechoka kama sherifu wako. Nikutolee?"

"Siku nyingine. Nimekuja kwa ukaguzi tu."

"Ukaguzi gani?"

"Wa amri. Kuona kama unaitii."

"Aha." Corbin alikunja kitambaa chake cha grisi. "Leo tarehe ngapi?"

"Saba."

"Saba. Askari wenu Shade huja tarehe mosi. Alikuja Jumanne, akafungua kila kabati, hadi boksi langu la ndoana. Akaandika, akaniambia tuonane tarehe mosi ya mwezi ujao." Alitabasamu. "Leo umekuja wewe. Mpelelezi mwenyewe. Mmeniongezea cheo?"

"Jibu maswali, niende zangu. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Jumapili." Alilirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akatoa pochi, na kutoka kwenye pochi kikaratasi cha faini. "Ziwani. Nilikuwa na mishipi mitatu na sheria inataka miwili. Askari wa wanyamapori amesaini, soma mwenyewe. Saa tano na dakika ishirini."

Estill alisoma. Ziwa lilikuwa maili arobaini kutoka Sorrel Fork. Saa tano na dakika ishirini ndiyo saa ambayo Delphia, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ametia miguu kwenye beseni. Aliinakili namba ya faini, akarudisha kikaratasi.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Maana mimi ni mtu wa kutii." Corbin alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameshuka, yakatulia juu ya viatu vya Estill. Yalikaa hapo. "Jana ilikuwa kutawadha miguu kule kwetu, au siyo? Mama aliniambia ameshona taulo jipya."

"Sijui. Mimi siendi kanisani siku hizi."

"Ndiyo, watu wanasema." Corbin aliinua macho. "Mke wangu hajambo?"

"Swali hilo huruhusiwi."

"Basi sijauliza."

Akarudi chini ya lori. Estill alipotoka alisikia anapiga mluzi.

---

Kanisa la Sorrel Fork lilifunguliwa na Icie Blevins, mjane aliyekuwa na ufunguo, na neno la kusema juu ya kila msumari.

"Umepoteza nini?" aliuliza.

"Si mimi. Mtu mwingine."

"Kitu gani?"

"Siwezi kusema, dada Icie."

"Basi na mimi nitakusaidiaje kukitafuta? Nitazame chini niseme hiki hapana, hiki hapana?"

Chumba cha makoti kilikuwa na mlango mmoja tu, unaofunguka ndani ya kanisa, nyuma ya mabenchi ya wanawake. Dirisha lilikuwa limepakwa rangi pamoja na fremu yake. Estill alipitisha kisu pembeni na rangi ikabanduka kwa kipande kirefu ambacho hakikuwa kimewahi kukatika. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Chini ya benchi palikuwa na vumbi lenye alama za visigino. Aliyechukua bastola alikuwa mwanamke wa kanisa, na alikuwa ameondoa soksi, akachukua, kisha akarudisha soksi jinsi ilivyokuwa. Mwizi hana haja ya kurudisha soksi.

"Wakati wa kutawadhana, nani aliingia humu?"

"Nani asiingie? Mtu akimaliza analeta taulo lake, analitia kwenye kapu langu pale. Mimi ndiye ninayeyafua yote. Miaka ishirini na miwili. Yapo kwenye kamba sasa hivi, kama unataka kuyahoji na yenyewe."

Walikwenda nyumbani kwake, hatua mia moja chini ya kanisa. Mataulo marefu ya kitani yalikuwa yakipigwa na upepo nyuma ya nyumba. Estill alipita akihesabu.

"Kumi na saba."

"Najua. Akina dada tulikuwa kumi na nane. Ottie Ratliff alikwenda na lake."

Estill hakugeuka. "Ni kawaida?"

"Hakuna aliyewahi kufanya hivyo tangu nianze kufua. Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu, nikamwona amelikumbatia limeviringishwa hivi, kifuani. Nikamwambia Ottie, lete hilo, limelowa, litakutia kikohozi. Akasema ni jipya, atalifua mwenyewe. Nikanyamaza. Siku kama ile mtu anakuwa na yake."

"Siku kama ile kwa nini?"

"Wewe hujui? Alimtawadha Delphia!" Icie alishika kifua. "Alimwomba mwenyewe, mbele yetu sote. Akapiga magoti, mzee wa miaka sabini na minne, akamshika miguu mke wa mwanawe, baada ya mambo yote yale ya mahakamani. Tulilia kanisa zima. Mimi nililia nikamwaga beseni."

Estill alikaa kwenye gari dakika tano, akaandika kwa penseli. Buti lilikuwa limezibwa. Mtu asiyejua asingetia mkono ndani ya buti la mwenzake. Delphia hakumwambia mtu kanisani wapi anaibeba. Mkanda ulikuwa umeacha mstari mwekundu. Ni mtu mmoja tu siku ile aliyeuinua mguu ule kutoka kwenye maji na kuushika kwenye mapaja yake.

Hapo ndipo alipopaswa kuanza saa tatu asubuhi, badala ya kwenda gereji.

---

Nyumba ya Ottie Ratliff ilikuwa juu kabisa ya bonde, mahali ambapo redio ya gari ilikwaruza tu na simu ya mkononi haikuonyesha kitu. Ilikuwa saa tisa. Mzee huyo mfupi alikuwa jikoni, sufuria ya maharage ikichemka, na aliweka sahani ya pili mezani kabla Estill hajavuka kizingiti.

"Karibu, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Mama alishafariki, mama Ottie. Mwaka juzi."

"Ndiyo. Nilikuwa mazikoni, nilileta keki." Alishika ukingo wa meza. "Nasahau nikiwa na hofu."

"Una hofu ya nini?"

"Kaa kwanza ule."

Estill alikaa. Hakugusa kijiko. "Taulo lako liko wapi?"

Mzee aliutazama mlango wa kibaraza cha nyuma, kisha akaitazama sufuria, akapunguza moto. Hakubisha. Alivuta kiti, akakaa mkabala naye, mikono juu ya meza kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Niliinua mguu wake nikaona ule mstari," alisema. "Mume wangu alivaa bastola mguuni miaka yote ya migomo ya migodini. Nimemvua buti usiku mara ngapi? Naijua alama hiyo kuliko ninavyoijua sura yangu. Nikamfuta. Nikamfuta na katikati ya vidole, vyote. Nikawa nawaza, mguu huu ninaoufuta ndio utakaomuua Corbin wangu."

"Kwa hiyo?"

"Nikasimama, tukakumbatiana kama ilivyo desturi. Tulilia, Estill. Sikuwa naigiza. Kisha nikapeleka taulo."

"Ukarudisha soksi."

"Angepata baridi miguuni."

Estill aliandika hilo pia. "Corbin alijua?"

"Hapana! Jina la Bwana, hapana. Nilitaka kuitupa kwenye bwawa la mgodi, isiwe ya huyu wala ya yule, asife mtu. Lakini Icie ndiye aliyekuwa ananiendesha, na unamjua Icie. Ningesema asimame bwawani angeshuka na mimi. Nikaileta nyumbani. Leo asubuhi mvua. Nikasema kesho."

"Iko wapi?"

"Kwenye friza. Chini ya nyama ya paa. Nani atachimba mpaka chini mwezi wa Aprili?"

"Nani mwingine amekuja hapa tangu jana?"

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikirukaruka. Ottie alinyoosha mkono akakituliza.

"Corbin alikuja kula mchana."

"Saa ngapi?"

"Saa sita. Hakai siku mbili bila kuja, si jambo la ajabu. Alisema umekwenda kazini kwake kumsumbua habari za Jumapili."

"Alikuuliza nini?"

"Kidogo tu. Aliniuliza ibada ilikuwaje. Nikamwambia nzuri. Akaniuliza, Delphia alikuja? Nikasema alikuja. Akaniuliza nani alimtawadha." Sauti yake ilianza kupungua. "Nikamwambia mimi. Nilidhani atafurahi. Akanitazama usoni, hivi, muda mrefu. Wewe humjui Corbin. Tangu mdogo ukimficha peremende anakutazama tu usoni, halafu anakwenda palepale ilipo."

"Alikwenda wapi, mama Ottie?"

"Alitoka kibarazani kuchukua barafu ya soda yake."

Estill alikuwa amekwisha kusimama.

"Alirudi na barafu?"

Mzee alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, macho yakiwa juu ya mahali mwanawe alipokaa, akitafuta bilauri ile kwenye kumbukumbu yake.

"Alikunywa bila barafu," alisema.

Friza lilikuwa la zamani, la kufungulia juu, na injini yake iliguruma ikitetemesha sakafu nzima ya kibaraza. Estill aliinua kifuniko. Paketi za nyama zilikuwa zimefungwa kwa karatasi nyeupe na kuandikwa miezi. Zilikuwa zimepangwa upande mmoja, safi, moja juu ya moja. Juu yake palikuwa na taulo la kitani, limekunjwa mara nne, kona juu ya kona. Alilinyanyua. Lilikuwa jepesi. Katikati palikuwa na doa la mafuta lenye umbo ambalo hakuhitaji kulipima.

Ottie alikuwa amesimama mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mimi sikulikunja," alisema. "Mimi nililiviringisha. Na nililiweka chini."

Estill aliingia ndani, akaifikia simu ya ukutani. Alipigia gereji kwanza. Mwenye gereji alisema Corbin aliondoka saa sita kwenda kula, akapiga simu baadaye kuomba ruhusa ya mchana wote, jino linamuuma. Alipigia ofisi. Shade, askari pekee wa zamu, alikuwa njiani kumpeleka mfungwa kwenye jela ya mkoa, saa nzima kutoka hapo. Polisi wa mji hawana mamlaka nje ya mji, na nyumba ya wazee iko nje ya mji. Polisi wa jimbo watatuma gari. Kituo chao ni dakika hamsini. Estill aliwasomea namba ya gari la Corbin mara mbili, akasema ana silaha, akasema kuna amri ya ulinzi. Aliulizwa kama kuna shahidi aliyeiona silaha mikononi mwake.

"Kuna friza," alisema.

"Tafadhali rudia?"

"Andika hakuna. Tumeni gari."

Kisha akapigia nyumba ya wazee. Aliomba jikoni. Wafanyakazi huacha simu zao kwenye makabati wakiingia zamu, na simu ya jikoni iliita mara tisa kabla mtu hajaipokea. Nyuma yake zilisikika sahani, na mzee mmoja akilalamika kwamba pudini ya leo ni ya jana.

"Jikoni."

"Delphia, ni Estill Vanover."

"Umeipata!" Ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya msichana. "Nilijua. Nilimwambia dada wa hapa leo nitapigiwa simu nzuri, sikumwambia ya nini. Ilikuwa wapi?"

"Mlango wa nyuma hapo ulipo, unafungwa kwa ndani?"

Sahani ziliendelea kugongana.

"Wa kupokelea mizigo?" aliuliza Delphia. "Una komeo. Hatuufungi mchana. Kwa nini?"

"Nenda ukaufunge. Sasa. Usikate simu."

Alisikia mkono wa simu ukigonga ukuta ulipoachwa unaning'inia. Alisikia hatua za viatu vya mpira, za haraka, kisha za haraka zaidi. Maji yalikuwa yakimwagika mahali fulani na hakuna aliyeyafunga. Ottie alimkaribia, akasimama chini ya bega lake, sikio lake karibu na simu.

"Amefunga?" alinong'ona.

"Bado sijui."

Mzee wa pudini alisema jambo, watu wakacheka. Chuma kilisuguana na chuma. Hatua zikarudi, polepole.

"Nimefunga." Delphia alikuwa anahema. "Lakini mlango wa mbele siwezi. Watu wanaingia kuona wazazi wao, huu ndio wakati wao. Anayo, siyo?"

"Ingia kwenye stoo ya vyakula. Ina kufuli?"

"Ya nje. Inafungwa kwa nje, wazee wasiibe sukari. Afande, wewe uko wapi?"

"Sorrel Fork. Kwa mama Ottie."

"Yeye ndiye?"

"Ndiyo."

Delphia aliisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

"Unakuja?"

"Natoka sasa hivi."

"Dakika ngapi?"

Kutoka juu ya bonde, kushuka hadi kanisani, kupanda mlima na kushuka upande wa pili, kwa gari lenye tairi lililochoka, barabara ikiwa imelowa, ilikuwa dakika thelathini na tano. Estill alikuwa tayari ameshika funguo.

"Ishirini," alisema.

Na Ottie, aliyeishi kwenye barabara hiyo miaka hamsini na sita, akainamisha uso.